Nyumba mpya, taa zinacheza: namna ya kutafuta kosa kwenye interipteri

Yaya yangu aliingia katika nyumba yake mpya hapa Kasongo. Matofali ya kuchoma, mabati mapya, rangi imepakwa. Jioni jirani akawasha grupu yake, ile inayotupatia kurani sisi wote wa barabara moja. Taa ya salo ikawaka, tukapiga makofi. Ya chumba nayo ikawaka, lakini yaya alipoizima, ampuli iliendelea kutoa mwanga kidogo kama kimulimuli. Kesho yake jioni akapanda kiti ili abadilishe ile ampuli. Interipteri ilikuwa imezimwa. Kidole kikagusa duyi, kurani ikamkamata, akaanguka chini. Mungu asifiwe, hakuvunjika.

Swali lake lilikuwa moja: "Nimezima, sasa kurani imetoka wapi?" Kasongo, Kabambare, Samba mpaka Salamabila, watu wanajenga, na wengi wanaweka fili mbele ya kujua kurani itatoka wapi: pano ya sola, grupu, ama siku moja waya za SNEL. Kwa hiyo hilo swali ni la wengi.

Interipteri inafanya kazi gani?

Kurani inatembea kwa mzunguko. Inakuja kwa fili moja, inapita ndani ya ampuli, inarudi kwa fili nyingine. Ile inayoleta inaitwa faze, ile ya kurudisha inaitwa netri. Interipteri ni kama daraja la kuinua: ukilifungua, hakuna anayepita.

Daraja hilo linafaa kuwekwa upande wa faze. Fundi akiliweka kwenye netri, taa itawaka na kuzimika vizuri tu, na mwenye nyumba atalipa akiwa na furaha. Lakini hata taa ikiwa imezimwa, faze inabaki kwenye duyi, inangoja kidole cha mtu. Ndivyo ilivyokuwa kwa yaya. Na ule mwanga wa kimulimuli ulikuwa alama: kurani kidogo sana ilikuwa inavuja kupitia ukuta ambao bado ni mbichi, na ampuli za LED zinatosheka na kidogo hicho. Lakini angalia: interipteri zenye kataa kadogo ndani yake zinaweza kuleta mwanga huo hata kama fili zimefungwa vizuri.

Mbele ya kugusa chochote

Zima grupu. Zima na enverteri. Kama nyumba ina njia mbili za kurani, kata zote mbili, na mwambie jirani mwenye grupu asiwashe mpaka umalize. Kuzima interipteri peke yake hakutoshi.

Usiamini sana testeri, ile turnevisi yenye kataa ndani. Kwenye enverteri nyingi ndogo na grupu ndogo, hakuna fili iliyofungwa ardhini, basi testeri inaweza kuwaka kidogo kwa fili zote mbili, ama isiwake kabisa, na bado kurani ipo. Rangi nazo zinadanganya. Kwa kawaida ya Wafaransa, ambayo mafundi wetu wengi wanaifuata, buluu ni netri, kijani na njano ni ya ardhi, nyekundu, nyeusi ama kahawia ni faze. Lakini roli ya buluu ikiisha dukani, fundi anaendelea na ile iliyobaki.

Makosa tano yanayoonekana mara nyingi

1. Taa haiwaki kabisa. Anza na vitu vyepesi. Jaribu ampuli hiyo mahali pengine. Angalia dijonkteri ama fizibo. Kisha, kurani ikiwa imekatwa, fungua interipteri na uvute kila fili polepole. Mara nyingi moja haikukazwa, ama visi imebana plastiki ya fili, haikugusa shaba.

2. Taa haizimiki. Fili mbili za interipteri zimeunganishwa ndani ya bwati, ama taa imefungwa moja kwa moja bila kupitia interipteri. Kurani imepata njia ya pembeni, daraja halina kazi tena.

3. Ukibonyeza, dijonkteri inaanguka ama grupu inaguna. Fundi ameleta faze na netri pamoja ndani ya interipteri moja. Ukiwasha, zinagusana bila ampuli katikati. Hiyo ni shoti. Usirudie kujaribu, na usifunge dijonkteri kwa nguvu. Kuweka waya mzito mahali pa fizibo ndiyo njia ya kuchoma nyumba.

4. Taa mbili zinawaka hafifu, na ukitoa moja nyingine inazimika. Zimefungwa moja nyuma ya nyingine, kama watu wanaopokezana ndoo. Inafaa kila taa ipate faze yake na netri yake.

5. Interipteri mbili za taa moja, mfano kwenye koridoo, zinagombana: moja inafanya kazi tu kama nyingine iko chini. Mafundi wanaita mpango huo va-e-viyé. Kila interipteri ina matundu matatu. Moja ni la pamoja, mara nyingi limeandikwa L ama COM. La pamoja la interipteri ya kwanza linapokea faze, la pamoja la ya pili linakwenda kwenye taa. Matundu mawili yanayobaki yanaunganisha interipteri hizo mbili. Zikigombana, karibu kila mara fili ya pamoja imeingia tundu lisilo lake. Ukuta hauvunjwi. Ni kubadilisha fili mbili tu.

Na wenye sola ya 12 volti?

Wengi wanasema 12 volti haimkamati mtu. Ni kweli, ukiigusa hautasikia kitu. Lakini inaweza kuchoma nyumba. Vyombo vya wati 60 kwenye 220 volti vinavuta kurani isiyofika amperi 0,3. Wati hizo hizo 60 kwenye 12 volti zinavuta amperi 5. Fili nyembamba inapata moto, na taa ya chumba cha mwisho inakuwa hafifu. Basi weka fili nene, interipteri ikate upande wa plisi, na fizibo iwe karibu kabisa na batri.

Jambo lingine: kurani ya 220 inapita kwenye sifuri mara 100 kila sekunde, kwa hiyo cheche ndani ya interipteri inakufa upesi. Ya batri haipiti kwenye sifuri, na cheche inadumu zaidi. Ndiyo sababu interipteri inaungua ndani hata kama taa ni ndogo. Na usichanganye kamwe fili za 12 na za 220 ndani ya bwati moja.

Mbele ya kumlipa fundi

Wakati mzuri wa kutafuta kosa ni mbele ya krepisaji. Omba fundi apitishe fili ndani ya tubu, ili siku nyingine zivutwe bila kuvunja ukuta. Kwa taa za 220, fili ya milimita skweya 1,5 inatosha, kwa prizi 2,5. Piga picha ya kuta zikiwa wazi, kwa simu, chumba kwa chumba. Kisha awashe na kuzima kila taa mbele yako, na akuonyeshe kwa apare ya kupimia kwamba interipteri ikizimwa, duyi haina kurani. Jaribio hilo la mwisho ndilo watu wanalisahau, nalo halichukui hata dakika mbili kwa kila taa.

Fundi wa yaya alirudi. Alifungua bwati moja juu ya mlango, akabadilisha fili mbili, akafunga. Hakuna tofali lililovunjwa. Jioni yaya alizima taa ya chumba, na safari hii giza lilikuwa giza kweli.