Bunduki Kuukuu Zifanyweje? Utangulizi kwa Anayeanza

Somo hili huwatisha wageni kwa sababu ya neno silaha, lakini msingi wake ni swali jepesi kuuliza: kitu kilichopitwa na wakati, ambacho bado kinaweza kuua, kifanyweje?

Usianze na vitabu. Panda matatu hapa Magongo, Mombasa, vuka Makupa, shuka mjini uende hadi Fort Jesus. Utaona mzinga mrefu wa milimita 105 uliotoka kwenye manowari ya Kijerumani, Königsberg. Manowari hiyo iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja mnamo Septemba 1914, kisha ikajificha kwenye delta ya Rufiji. Julai 1915, ikiwa imepigwa vibaya, mabaharia wake wenyewe waliizamisha. Ungedhani habari imeishia hapo. La. Wajerumani waliiopoa mizinga yake kumi, ikatengenezwa Dar es Salaam, ikawekewa magurudumu na kupigana nchi kavu. Huu mmoja leo umetulia, watoto wanaupiga picha. Ulizamishwa, ukafufuliwa, ukaishia kwenye makumbusho. Bunduki kuukuu nazo hupita njia hizo hizo. Kazi ya somo letu ni kuichagua njia kwa makusudi.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno. Silaha ya ziada ni ile ambayo jeshi au polisi hawaihitaji tena, ama kwa kuwa wamepata mpya, ama kwa kuwa hesabu imezidi. Ziada si ubovu. Lee-Enfield, bunduki waliyoibeba askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, ilipitwa na bunduki mpya jeshini, lakini askari wa akiba wa kaskazini mwa Kenya waliendelea kuitumia kwa miaka mingi. Iliyotelekezwa ni jambo jingine: haisafishwi, haihesabiwi, na hakuna anayeulizwa juu yake.

Bunduki isiyosafishwa hushika kutu, basi tuitazame kutu hiyo kwa karibu. Kwenye kitako cha risasi kuna fataki, kidonge kidogo kinachowasha baruti. Fataki za zamani ziliacha chumvi ndani ya mtutu, yaani lile bomba ambamo risasi hupita, na chumvi hiyo hunyonya unyevu. Ndiyo maana askari wa zamani walimimina maji ya moto mtutuni kabla ya kupaka mafuta. Aliyeacha siku moja aliikuta kutu imeshaanza. Ongeza hapo upepo wetu wa bahari, na utaelewa kwa nini ghala la pwani halisamehe uvivu.

Hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea. Huona kutu wakasema bunduki imekufa. Lakini komeo, kile chuma kinachoifungia risasi mahali pake, laweza kuwa zima kabisa chini ya uchafu. Na ile inayong'aa yaweza kuwa na ufa usioonekana, ikampasukia mpigaji usoni. Macho hayatoshi.

Kwa hiyo tunauliza maswali matatu, kwa mpangilio. La kwanza: ni salama kuishika? Mtaalamu huhakikisha haina risasi kabla ya lolote. La pili: ni ya nani? Bunduki ya jeshi hugongwa namba kwenye chuma. Namba ikilingana na daftari la ghala, tunajua ilikotoka. Isipolingana, tuna tatizo kubwa kuliko kutu. La tatu: ina kazi gani leo? Watu wengi hulikimbilia hili la tatu, nami nakusihi usiliruke la pili. Itifaki ya Nairobi ya Aprili 2004, iliyotiwa saini na nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, inazitaka serikali zitie silaha alama, zitunze kumbukumbu na ziteketeze zilizozidi.

Majibu yakipatikana, njia huonekana. Yenye historia huenda makumbusho baada ya kulemazwa: mtutu unazibwa kwa kuchomelewa, pini inayogonga fataki inaondolewa. Nzima inayohitajika hurudi kazini. Nyingine huteketezwa.

Novemba 2016 Rais Uhuru Kenyatta aliwasha moto Ngong ulioteketeza bunduki 5,250. Fundi wa gesi wa hapa Magongo ataguna: moto wa kuni unayeyushaje chuma? Ana haki. Chuma cha pua huyeyuka kwenye nyuzi karibu 1,500, na moto wa wazi haufiki huko. Huunguza mbao na kuzilegeza springi. Ili bunduki isifufuke, mtutu na komeo lazima vikatwe vipande au viingie tanuri. Moto ule ni tangazo kwa raia, na msumeno ndio unaomaliza kazi.

Huenda unajiuliza, kwa nini zisiuzwe? Karne ya 19 zilikuwa zikiuzwa. Majeshi ya Ulaya yalipobadilisha bunduki, kuukuu zao zilimiminika pwani hii kupitia Unguja, hadi Mkataba wa Brussels wa 1890 ukajaribu kuizuia biashara hiyo. Wala usidhani kuukuu haina makali. Askari wengi wa jeshi la Kijerumani walioshinda Tanga mnamo Novemba 1914 walibeba bunduki za mtindo wa 1871, zilizotoa moshi mzito kila zikipigwa.

Ikitokea siku umeikuta bunduki darini kwa babu au kwenye lundo la vyuma chakavu, usiishike, usiipeleke kwa fundi. Waondoe watoto, umwite chifu au polisi.

Zoezi lako la kwanza halihitaji bunduki yoyote. Rudi Fort Jesus, uuzunguke mzinga ule polepole, utafute namba zilizogongwa kwenye chuma. Ukiipata hata moja, jiulize daftari la nani liliwahi kuiandika, na ni siku gani liliacha kuifuata.