Fromaji ya Masisi: siku mbili katika mji wa mlimani

Masisi-Centre ni mji mdogo wa mlimani, makao makuu ya wilaya ya Masisi katika Kivu ya Kaskazini, kilomita 80 hivi kutoka Goma. Mji wenyewe mtu huumaliza kwa miguu kabla ya saa sita mchana: ofisi za utawala, hospitali kuu, kanisa, soko, na mteremko kila upande. Ndiyo maana ziara fupi ya Masisi huhesabiwa pamoja na njia ya kuufikia, malisho yanayouzunguka, na kitu kimoja kitokacho kwenye malisho hayo ambacho mgeni hakitarajii karibu hivi na ikweta. Kitu hicho ni jibini. Goma hakuna anayeiita hivyo. Pale ni fromaji, na ikitajwa fromaji bila jina la mahali, basi ni ya Masisi.

Safari huanza Goma mapema na kuupita mji wa Sake, kilomita 25 hivi kuelekea magharibi. Sake unastahili kusimama nusu saa. Hapo Ziwa Kivu linaishia katika ghuba ya Kabuno, ambayo mlango wake ulikaribia kuzibwa kabisa na mkondo wa lava ya volkano ya Nyamulagira katika mlipuko ulioanza mwaka 1938. Lava hiyo bado ni nyeusi, na katika mabonde yake kuna mazuku, yaani mashimo yanamotuama hewa ya ukaa isiyo na rangi wala harufu. Mbuzi akiingia asubuhi kabla ya upepo kuvuma, hatoki, mtu pia. Wataalamu wa volkano wa dunia nzima leo huliandika neno hilo jinsi lilivyo, mazuku, na si maneno mengi ya watu wa huku yaliyopata heshima hiyo. Mgeni akatazwe kuchuchumaa bondeni kupiga picha.

Kutoka Sake barabara hupanda kwenda Mushaki, na hapo ndipo mandhari hubadilika. Ziwa hubaki nyuma na chini, migomba hupungua, na vilima huvaa majani mafupi hadi kileleni, vikiwa vimegawanywa kwa nyua na mistari ya mikaratusi. Wazungu waliokuja kulima huku waliyafananisha na Uswisi, na sifa hiyo haijafutika ingawa walioitunga waliondoka zamani.

Kwenye mteremko huo huo msafiri hukutana na chukudu zikishuka. Chukudu ni chombo cha mbao kisicho na pedali wala mnyororo: magurudumu mawili ya mbao yaliyovishwa vipande vya tairi kuukuu, usukani, na ubao mrefu wa kubebea mzigo. Mlimani husukumwa, mteremkoni hupandwa. Mzigo ni viazi, kabichi, mbao, au magunia ya makala, neno ambalo kwa Kiswahili cha Kongo ni mkaa, wala si maandishi ya gazeti kama haya. Goma imeisimamishia chukudu sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya mzunguko wa barabara, lakini chukudu ya kutazamwa kweli ni ile inayokata kona ya Mushaki na kilo mia kadhaa mgongoni.

Mjini Masisi, kazi ya siku ya kwanza ni soko. Maharagwe, viazi, mahindi na ndizi huuzwa kwa Kihunde, Kinyarwanda na Kiswahili, mara nyingi zote tatu katika mapatano ya bei moja. Chakula ni ugali na sombe, yaani majani ya muhogo, au viazi vya kuchemsha. Usiku una baridi, na asiye na koti huomba blanketi la pili. Siku ya pili ni ya fromaji.

Kazi ya fromaji huongozwa na saa. Ng'ombe hukamuliwa alfajiri, na tangu maziwa yatoke zizini fundi ana muda mfupi tu. Goma ni mbali, mvua ikinyesha lori huweza kulala njiani, na maziwa hayana subira hiyo. Penye lami na umeme yangepozwa yakasafirishwa. Masisi haina hata kimoja cha kutegemea. Kwa hiyo maziwa hukamuliwa maji yake, hutiwa chumvi, hufungwa ndani ya ganda lake lenyewe, kisha husafiri siku yoyote barabara itakapokubali. Wageni huisifu fromaji ya Masisi kwa ladha. Mafundi wanaijua kwanza kama dawa ya barabara mbovu.

Kiwanda, kama neno hilo linafaa, mara nyingi ni kibanda cha mbao chenye paa la bati kwenye ubavu wa kilima. Wachungaji hufika na madumu, na fundi hunusa kila dumu kabla ya kulipima. Hili ndilo jambo ambalo mafundi hulisisitiza kuliko yote: dumu moja lililochacha huharibu sufuria nzima, na maziwa yaliyoongezwa maji hutoa jibini pungufu, jambo ambalo mizani italisema hata mchungaji akinyamaza. Pua ya fundi basi ndiyo maabara, na ndiyo hakimu pia, maana dumu lililokataliwa ni mapato ya siku ya mtu.

Maziwa yaliyokubaliwa huchujwa kwa kitambaa na kupashwa kwa moto wa kuni hadi yawe vuguvugu, nyuzi 32 hadi 35. Huongezwa kigandishi, kimeng'enya ambacho asili yake ni tumbo la ndama anayenyonya. Kisha sufuria huachwa. Kwa nusu saa au zaidi hakuna anayeigusa, na mgeni aliyekuja kuona kazi huona watu wameketi. Baadaye kisu huingizwa katika mgando: kikitoka kisafi, na ufa ukabaki wazi ukijaa majimaji ya rangi ya manjano yenye ukijani, mgando umeiva. Hukatwa hadi uwe punje kama za mahindi, hukorogwa polepole, na majimaji humwagwa au hupewa wanyama. Punje hujazwa katika vyombo vya mviringo vyenye matundu, hukandamizwa kwa uzito, kisha hulowekwa katika maji ya chumvi. Lita 10 za maziwa hutoa kilo moja hivi ya fromaji. Zilizobaki zilikuwa maji, na barabara imepunguziwa mzigo huo.

Baada ya hapo ni rafu. Fromaji hupangwa juu ya mbao katika chumba chenye kivuli, na kila siku hugeuzwa na kupanguswa ili ganda likauke sawasawa pande zote. Wiki mbili au tatu hutosha kuipata laini, ya manjano hafifu, yenye vitundu vidogo. Mtu aliyewahi kula gouda ya Uholanzi atamtambua nduguye. Ikiachwa miezi hukakamaa na kuwa kali, na baadhi ya walaji huipenda zaidi hivyo. Lakini kungoja ni anasa. Mchungaji anadai fedha za maziwa ya wiki iliyopita, na rafu iliyojaa haimlipi mtu. Fundi akiulizwa siri ya ladha, hataji kigandishi wala chumvi. Hutaja majani, na huonyesha kwa kidevu kilima ambako ng'ombe wanalisha.

Kilima hicho ni cha nani? Swali hilo ndilo zito kuliko yote Masisi. Tangu mwaka 1937 serikali ya Ubelgiji ilihamishia huku familia kutoka Rwanda kwa mpango maalumu. Mashamba ya walowezi yaligawiwa upya baada ya utaifishaji wa mwaka 1973. Na mnamo Machi 1993 mauaji yaliyoanzia kwenye soko la Ntoto, katika wilaya jirani ya Walikale, yalisambaa Masisi nzima. Mifugo iliporwa na kuchinjwa kwa wingi katika miaka iliyofuata, na viwanda vikabaki na sufuria bila maziwa. Ng'ombe wamerudi. Ni nani aliyewarudisha, na nani anayelima kando ya uzio bila shamba lake mwenyewe, ni mambo ambayo fromaji haiyasimulii.

Aliye na siku ya tatu hurudi Sake na kushika njia ya Kitchanga hadi Mokoto, kwenye maziwa madogo ambayo kubwa lao ni Ndalaga. Wamonaki wa Kitrapisti kutoka abasia ya Scourmont, Ubelgiji, ileile ya bia na jibini ya Chimay, walianzisha monasteri hapo mwaka 1954. Mei 1996 Watutsi waliokimbilia humo waliuawa, na wamonaki wakaondoka. Ni mahali pazuri mno, na ni vema kufika ukiyajua hayo.

Magharibi ya Masisi, kupitia Nyabiondo, ardhi huteremka na malisho humezwa na msitu: hapo ni Walikale, wilaya yenye kilomita za mraba 23,475, karibu mara tano ya Masisi. Hiyo si safari ya siku mbili. Barabara ni mbovu kiasi kwamba kwa miaka ndege ndogo zilitua juu ya kipande cha lami huko Kilambo, magari yakisubiri pembeni, zichukue madini ya bati ya Bisie. Walikale pia ndiko Candi Rureke, msimulizi wa Kinyanga, alikomsimulia mtafiti Daniel Biebuyck utenzi wa Mwindo mwaka 1956. Ng'ombe hapa ni wachache, na fromaji huliwa na wageni.

Kwa kurudi, fromaji inunuliwe nzima, bila kukatwa. Ganda liwe kavu na libonyee kidogo tu kidoleni. Lenye unyevu halijaiva, lenye ufa litaota ukungu ndani. Ikiwa nzima hufika hata Kinshasa bila barafu.

Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji wa Masisi, kisha Sake, kisha Goma, na barabara hii hufunguka na kufungika bila tangazo. Msafiri asiamini habari za jana. Asimame Sake asubuhi ile ile na kutazama mlima: chukudu za makala na viazi zisiposhuka kutoka Mushaki, arudi Goma akanunue fromaji yake sokoni.