Karo Nalipa Mimi, Alama Asome Nani?

Matokeo yakitoka, saiba za Bombolulu, Mombasa, hujaa. Mwanafunzi anayesoma Tudor au Kilifi anafungua portali ya chuo, anachapisha transkripti, analipa na kukimbilia matatu ya Kongowea. Faili imebaki kwenye kompyuta na paswadi imejihifadhi. Atakayekaa kiti kile baada yake anaweza kusoma kila alama. Hapo hakuna sheria itakayomwokoa. Ni yeye na uzembe wake.

Ugomvi mkubwa huwa kati ya mzazi na chuo. Mama anapiga simu kuuliza kama mwanawe angali darasani au aliacha zamani, karani anakataa kumwambia. Mama anahamaki: si yeye aliyeuza mbuzi kulipa karo? Ndiye, lakini karani hajakosa adabu. Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya inalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka mzazi atoe idhini kwa niaba ya mtoto tu. Mtoto akishatimiza miaka 18, idhini ni yake mwenyewe. Marekani, ambako sheria ya rekodi za wanafunzi ni ya 1974, chuo kinaruhusiwa kumwonyesha mzazi ikiwa mwana bado anamtegemea kwa hesabu za kodi. Sheria yetu haikumtengea mlipa karo nafasi kama hiyo. Njia nyepesi ni kijana kutia sahihi barua ya idhini akijiunga na chuo, amtaje mama yake na kinachoruhusiwa kutolewa. Anaweza kuiondoa idhini hiyo wakati wowote, na hapo ndipo wazazi wengi hununa.

Mwajiri naye ana mpaka wake. Akitaka kuthibitisha digrii, jibu ni kwamba ilitolewa au haikutolewa. Kumtumia alama za miaka minne pamoja na barua za nidhamu ni kupita kiasi, kwani sheria inataka zitolewe taarifa zinazohitajika tu.

Kuhusu orodha za alama ukutani na kwenye makundi ya WhatsApp, vyuo hujitetea kwamba vimeficha majina na kuacha namba za usajili. Utetezi huo ni dhaifu. Darasani namba ya mwenzako unaijua kama ya simu yake.

Taarifa zako mwenyewe una haki ya kuziomba, na kanuni za 2021 zinataka upewe bure ndani ya siku 7. Transkripti yenye muhuri ni jambo jingine, nayo huwa na ada yake. Ukinyimwa, au alama zako zikianikwa, mlalamikie Kamishna wa Ulinzi wa Data, kwa mdomo au kwa maandishi, bila wakili. Anatakiwa kumaliza uchunguzi ndani ya siku 90. Mwaka 2023 ofisi hiyo iliitoza Roma School ya Uthiru, Nairobi, Sh4,550,000 kwa kusambaza picha za watoto bila idhini ya wazazi. Ile ni shule na zile zilikuwa picha, ila sheria iliyotumika ndiyo hiyo hiyo inayovibana vyuo.