Kabla hujatuma fedha Kariakoo

Mdogo wangu anaishi Kibondo mjini. Kazi yake ni kupiga na kuhariri video za harusi, na studio yake ni meza moja pembeni mwa sebule. Mwezi wa Desemba radi ilipiga jirani na kwake, kompyuta ikiwa imechomekwa ukutani. Asubuhi yake feni zilizunguka, taa ya mbele ikawaka, monita ikabaki nyeusi. Alikwisha kupokea malipo ya awali ya harusi mbili, na fedha hizo zilikwisha kulipa kodi ya nyumba.

Akanipigia simu Kasulu. "Shikamoo kaka. Kadi ya picha imekufa. Nina laki moja na themanini, na muuzaji mmoja wa Dar es Salaam anataka nitume leo leo, kadi ipande basi kesho."

"Marahaba. Usitume kitu mpaka nifike."

Nilikuwa na sababu. Mwaka mmoja kabla ya hapo mimi mwenyewe nilituma fedha kununua kadi ya GeForce GT 1030. Kadi hiyo ilitoka mwaka 2017 ikiwa na kumbukumbu ya aina ya GDDR5. Mwaka 2018 likatoka toleo lenye kumbukumbu ya DDR4, kwa jina lile lile. La kwanza husafirisha gigabaiti 48 kwa sekunde. La pili halifiki 17. Bila shaka umekwisha kukisia nililetewa lipi. Isitoshe, haikuwa na tundu la VGA, na monita yangu ya zamani haijui tundu jingine. Siku nne kadi ikakaa mezani, nami naitazama.

Nilipofika Kibondo, jambo la kwanza halikugharimu hata senti. Tulichomoa waya wa umeme, tukaitoa kadi iliyokufa, tukachomeka monita kwenye tundu la ubao mkuu wa kompyuta. Picha ikaja! Kompyuta nyingi zilizotumika maofisini ng'ambo, ambazo ndizo tunazouziwa, zina uwezo wa picha ndani ya prosesa. (Prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni, kama i5-9400F, hazina.) Kama kazi yako ni kuandika barua, kuchapa mitihani na kutazama filamu, ishia hapo, ule fedha yako. Mdogo wangu hakuweza kuishia hapo: dakika kumi za harusi zilichukua karibu saa nzima kukamilika.

Basi tukaanza kuchagua, na tulianza na sanduku la kompyuta, si kadi. Muuzaji alikuwa akimsukumia kadi kubwa ya michezo inayotaka waya wake wa umeme. Sapulai ya mdogo wangu haina waya huo; imeandikwa wati 240 tu. Tundu la kadi kwenye ubao mkuu hutoa wati 75 likijitahidi sana, na sanduku lenyewe ni jembamba, kadi ya kimo cha kawaida haifungiki. Angeinunua, angelazimika kununua sapulai, kisha sanduku, na mwishowe kompyuta nyingine.

Na GT 1030? Hula wati 30 na hupatikana ya kimo kifupi. Lakini haina sehemu ya kufunga video iliyokwisha kuhaririwa, na kwa mtu wa harusi hiyo ndiyo kazi yenyewe. Tukaangukia Quadro K620 iliyotumika, kadi ya mwaka 2014 iliyotengenezewa kompyuta za wahandisi na wachoraji wa majengo. Hula wati 45, ni fupi, ina gigabaiti 2, husaidia kufunga video, na tundu lake la DVI-I hubeba ishara ya VGA kwa kiunganishi kidogo tu. Tundu la DVI-D, ambalo kwa macho ni kama pacha wake, halibebi. Kwa michezo mipya kadi hii haifai. Kijana asije akanilaumu.

Kabla ya kulipa tulimtaka muuzaji aiwashe tukimwona kwa video ya simu, afungue programu ya bure iitwayo GPU-Z. Zipo kadi kuukuu, mathalani GTS 450, zilizobadilishwa programu ya ndani zikajitambulisha kuwa GTX 1050 Ti. Tangu mwaka 2018 GPU-Z hujaribu kuzigundua na kuziandika kuwa bandia. Muuzaji wa kwanza alisema hana muda. Wa pili alikubali, kwa shilingi elfu tisini na tano.

Kwa fedha iliyobaki tulinunua kilinda umeme, ingawa nilimweleza mdogo wangu kwamba hakuna kilinda umeme cha dukani cha kushindana na radi ya karibu. Miji yetu hii iliishi kwa jenereta za dizeli miaka mingi, ikaunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2022, lakini radi za huku juu ni zile zile. Wingu likikusanyika, chomoa waya, na wa dishi pia.

Kadi ilishuka basini Alhamisi jioni. Harusi ya kwanza imekwisha kukabidhiwa. Ya pili, bado anabishana na bibi harusi kuhusu wimbo.