Mama, Naomba Niende Kutazama Mpira



Wengi wenu mnanijua darasani, chaki mkononi. Wachache wanajua kwamba mwalimu wenu ni mpenzi wa mpira tangu utoto. Marehemu baba alikuwa na redio ndogo, na jioni ya mechi hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Alipenda kutusimulia habari za mwaka 1974, Zaire yetu ilipokuwa timu ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kufika kwenye Kombe la Dunia. Kule Ujerumani ilifungwa na Yugoslavia mabao 9 kwa 0. Sisi watoto tulicheka, naye alitujibu: "Walifungwa, lakini walifika."

Wiki mbili zilizopita kijana wangu wa miaka 12 alisimama mlangoni akasema: "Mama, naomba niende kutazama mpira kwenye video. Wenzangu wote wanaenda." Nilimjibu hapana, kwa sauti kali, kama nilivyomjibu kila mara. Akauliza: "Lakini mama, wewe mwenyewe unapenda mpira. Kwa nini mimi hapana?" Sikuwa na jibu. Usiku ule sikulala vizuri.

Jibu nilikuwa nalo, ila sijawahi kumwambia. Ninyi wa Sange mnalijua.

Tarehe 2 mwezi wa saba, mwaka 2010, nilikuwa Bukavu kwa masomo ya ualimu. Jioni ile Ghana ilicheza na Uruguay katika robo fainali kule Afrika Kusini. Kama ingeshinda, ingekuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika nusu fainali. Mnakumbuka: dakika za mwisho kabisa, mchezaji wa Uruguay, Suárez, alizuia mpira kwa mkono mbele ya goli. Ghana wakapewa penaliti. Gyan akapiga, mpira ukagonga mwamba wa juu. Baadaye Ghana wakatolewa kwa mikwaju ya penaliti. Tulilia, wanafunzi wakubwa tulilia kama watoto.

Tukiwa bado tunalia, simu ikaita. Ilikuwa nyumbani.

Gari la kubeba mafuta lilikuwa limepinduka hapa kwetu, kwenye barabara ya Bukavu na Uvira. Mafuta yakamwagika. Watu wengine walikuja kuchota, wengine kutazama. Wengine wengi walikuwa wamekaa ndani ya nyumba za video kwa ajili ya Kombe la Dunia, wala hawakugusa hata tone. Moto ulipowaka, haukuchagua. Watu zaidi ya 230 walikufa. Mdogo wangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa na miaka 14. Alikuwa ametoka mapema ili ashike nafasi ya mbele, aione Ghana vizuri.

Kwa miezi mingi sikutaka kusikia hata jina la mpira. Mama yetu naye alinyamaza. Alikwenda shambani, akarudi, akapika, basi. Halafu mwezi wa 12 wa mwaka uleule, TP Mazembe ya Lubumbashi ilicheza kombe la dunia la klabu kule Abu Dhabi. Iliwafunga Internacional wa Brazil mabao 2 kwa 0, ikawa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ile. Kipa Kidiaba alishangilia kwa kurukaruka kwa makalio uwanjani. Jirani alituita tuje tuone. Mama alimtazama yule mtu mzima akiruka namna ile, akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha machozi yakaendelea bila kicheko. Tulimwacha alie. Tangu siku ile alianza tena kuongea nasi. Fainali Mazembe walifungwa 3 kwa 0 na Inter ya Milan, lakini nyumbani kwetu hakuna aliyejali.

Ndiyo sababu siwezi kuwaambia kwamba mpira ni upuuzi. Mwezi wa pili mwaka 2024, kabla ya nusu fainali ya Kombe la Afrika na Côte d'Ivoire, Leopards wetu walisimama, wakaziba midomo kwa mkono mmoja, na vidole viwili vya mkono wa pili wakaviweka kichwani kama bunduki, kwa ajili ya vifo vya hapa mashariki. Walifungwa 1 kwa 0. Kesho yake darasani watoto hawakuniuliza kuhusu bao. Mmoja aliuliza: "Mwalimu, kumbe wale wanatujua?"

Basi, nilimwita kijana wangu, nikamwambia habari yote ya mjomba wake. Alisikiliza kimya. Mwishoni aliniuliza mjomba alikuwa anapenda kucheza namba ngapi. Jumamosi iliyofuata tulikwenda pamoja kutazama mpira, mimi na yeye.

Wamama, haya ndiyo tuliyopatana, nanyi mnaweza kuyapima nyumbani kwenu.

Kwanza, kabla mtoto hajaenda, tazama mwenyewe ile nyumba ya video. Ina milango mingapi? Jenereta iko wapi, na bidoni ya esanse imewekwa wapi? Kama mlango ni mmoja na esanse iko ndani, mtoto asiingie. Mwambieni mwenye nyumba, tena mwende wengi. Mama mmoja hasikilizwi.

Pili, sisi wenyewe tusiweke esanse ndani, hasa karibu na mbabula. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini bila kuonekana, unaweza kuufikia moto ulio mbali. Na gari la mafuta likipinduka, tuwafundishe watoto kukimbia kwenda mbali, hata wakiona watu wazima wanachota. Siwalaumu waliochota siku ile. Umaskini unajulikana. Lakini bidoni moja hailingani na mtoto.

Tatu, masomo kwanza, mpira baadaye, na saa ya kurudi ijulikane.

Nne, tusiwasahau wasichana. Mwaka 2024 timu ya wanawake ya TP Mazembe ilichukua ubingwa wa klabu za Afrika. Binti akiomba kucheza, usimjibu haraka na sufuria.

Kijana wangu sasa anakaa karibu na mlango kila tunapokwenda. Sikumwagiza. Alichagua mwenyewe nafasi ile, na aliniwekea mimi nyingine pembeni yake.

Mbaki na amani.