Wimbi Peke Yake Halifungamanishi Kitu

Swali hili limenichosha: "Daktari, kama wimbi moja la leza linafungamanisha atomu zote kwa mpigo, bangili ya kwanta itashindwaje kunifungamanisha na tabibu aliye ng'ambo?"

Itashindwa kwa sababu hata hilo wimbi la leza, peke yake, halifungamanishi kitu. Mulika mnyororo mzima wa spini, yaani sumaku ndogondogo za atomu, ambazo haziathiriani: kila moja itageuka kivyake, sawasawa na jirani yake. Huko ni kufanana tu. Askari wa gwaride wakigeuka kulia kwa amri moja, hawajawa mtu mmoja. Spini zilizofungamana hazina hali ya moja moja; hali ni ya mnyororo mzima. Na usinionyeshe kwamba majibu ya vipimo vya spini yanalingana ukadhani umethibitisha kufungamana. Mambo yaliyopangwa mapema nayo hulingana. Pima pia kwa mielekeo mingine, kisha tuzungumze.

Kinachofunga ni majirani kuathiriana; wimbi linaendesha tu. Mwaka 2019, watafiti wa Harvard walipanga atomu 20 za rubidi mstari mmoja ndani ya ombwe. Atomu ikipandishwa hadi ngazi ya juu sana ya nishati iitwayo Rydberg, humzuia jirani kupanda. Wakaimulika safu yote, wakibadilisha masafa ya leza hatua kwa hatua, hadi mipangilio miwili, yaani atomu moja juu na inayofuata chini, au kinyume chake, ikawepo kwa pamoja. Za pembeni zikasumbua: zina jirani mmoja tu, hivyo zote mbili hupenda kupanda. Ikabidi zipewe miale yao maalumu. Pamoja na yote hayo, usahihi wa hali waliyoipata ulikuwa takriban 0.54, juu kidogo tu ya kizingiti cha 0.5 kinachothibitisha kufungamana. Wewe unanionyesha bangili ya mpira iliyovaliwa kwenye mkono wenye joto na jasho!

Hata mngefungamana kweli, lolote atakalofanya tabibu huko kwake halibadilishi chochote unachoweza kukipima huku. Ujumbe haupiti, sembuse dawa.

Anayetaka kufungamanisha mnyororo kweli ana njia: ioni na mbinu ya Mølmer na Sørensen ya 1999, iliyofungamanisha ioni 14 za kalsiamu Innsbruck mwaka 2011, spini za aina tofauti zinazopokezana kwenye mnyororo, kama alivyopendekeza Seth Lloyd mwaka 1993, au kuiachia kompyuta itafute umbo la mpigo wa leza. Anza kwa kuiga spini nne kwenye kompyuta yako kabla ya kuomba fedha za leza.

Bangili irudishe dukani, udai pesa yako.