Jino la Utoto Nalo ni Jino

Mwezi uliopita mama mmoja alifika ofisini kwetu kuulizia mbolea. Mwanawe wa miaka mitano alikuwa ameshika nguo yake, shavu limevimba. Nilipouliza, mama alijibu, "Ni jino, mwalimu, lakini ni la utoto. Litang'oka lenyewe." Sikumlaumu, maana mimi nami niliyasema hayo juu ya mwanangu, tukakesha naye siku tatu.

Wazazi, meno ya mbele ndiyo hung'oka mapema. Magego ya utoto hukaa mpaka mtoto afike miaka 10 au 12. Je, huyu wa miaka mitano atalia miaka mingapi? Tena usaha wake waweza kuharibu jino kubwa linaloota chini yake. Na liko jambo ambalo wengi hatulijui: mtoto afikapo miaka 6 hivi, gego la kudumu huota nyuma kabisa ya mengine, wala hakuna jino ling'okalo kulipisha. Hudhaniwa ni la utoto, likaachwa kuoza, na halina badala.

Watu husema jino limeliwa na mdudu, kama dumuzi alavyo mahindi ghalani. Dumuzi hayumo. Vijidudu vya kinywani hugeuza sukari kuwa ukali unaolimung'unya jino. Chai ya sukari inywewayo kidogo kidogo mchana kutwa hudhuru kuliko ile ya mara moja pamoja na chakula, na chupa ya kitu kitamu ambayo mtoto hulala nayo hudhuru zaidi.

Ukiona doa jeupe karibu na ufizi, bado hujachelewa. Mswaki asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa yenye floraidi, waweza kuliimarisha jino. Aliye chini ya miaka 3 atiliwe kiasi cha punje ya mchele. Mkubwa kidogo, kiasi cha njegere. Msugue wewe mwenyewe mpaka afike miaka 7 au 8.

Tundu dogo husafishwa kwa vyombo vya mkono na kuzibwa bila mashine ya umeme, njia iliyoanzia kwa jirani zetu Tanzania katika miaka ya 1980. Iko pia dawa ya maji yenye fedha na floraidi, iliyotiwa mwaka 2021 katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Hupakwa tu, na huzuia uozo usiendelee. Palipooza hubaki peusi, basi usishtuke.

Lakini jino linalouma lenyewe usiku, au lililotunga usaha, halitoshelezwi na kupakwa. Daktari atalitibu ndani au ataling'oa. Usibandike aspirini kwenye ufizi, huunguza. Shavu likivimba, mpeleke siku hiyo hiyo. Na uvimbe ukifika jichoni, au mtoto akishindwa kumeza, usingoje hata saa moja.

Yule mama aliondoka kwenda hospitali moja kwa moja. Jina lake la mbolea niliandika mwenyewe, akalikuta orodhani aliporudi Ijumaa.